Bwana Ametengeneza Barabara Gani?

Cherono mjukuu wangu,

Pokea salamu za babu yako, kugo. Huku tuko wazima, ng'ombe amezaa, na nyanya yako anasema kwenye picha umekonda. Unasema unatunga wimbo kwa piano na neno moja linakataa kukaa, na unauliza nani alinifundisha kuweka maneno kwenye wimbo. Mimi, mtungaji ambaye Sotik yote inamjua, nilifundishwa na mama mmoja mchuma chai.

Nilikuwa nimetunga wimbo wa kufungua kanisa letu: "Bwana ametenda barabara." Mimi na kwaya tulipoujaribu kwenye shamba la chai, yule mama alicheka mpaka kikapu kikayumba mgongoni.

"Kijana, Bwana ametengeneza barabara gani? Hii ya Sotik bado ni matope!"

Kwaya ikacheka, ikasema wimbo wangu utolewe. Nikakataa kabisa. Mimi nikosee?

"Basi usiimbe," akasema mama. "Niambie tu, leo nimechuma namna gani?"

"Umechuma barabara!" nikajibu kwa hasira.

Halafu nikalirudia neno lile polepole. Mdomo wangu ulikuwa umesema ba-RA-bara, yaani sawasawa. Kwenye wimbo nilikuwa nimevuta bara-BA-ra, njia ya magari. Kumbe neno lilikuja na wimbo wake ndani, na mimi nilikuwa nalikanyaga! Cherono, katikati ya majani ya chai nikavua kofia kama niko kanisani.

Nikageuza sauti ya wimbo ifuate neno, na Jumapili watu walisimama wote. Mpaka leo wananisifu, na wanisifu tu. Lakini wewe nakuambia ukweli: ile sauti sikuitunga. Niliikuta.

Kwa hivyo funga piano kwanza, umwambie mtu hilo neno lako kwa maongezi tu, usikie linavyojiimba.

Ni mimi kugo yako, mwenye sauti bado.