Magari Yangu Upande wa Pili wa Barabara

Yadi ya Magari,
Chumba cha juu, mkabala na gereji ya Chapuchapu,
Jumapili, tarehe 9, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti lako limeacha ukaidi. Huku sijambo, mume wangu hajambo, na watoto wanakula kama wanalipwa kwa kazi hiyo. Mama naye hajambo. Habari zake nitakupa baadaye kidogo, maana nazo zinaniuma.

Anwani hapo juu umeiona, na wala sikukosea. Ukimuuliza mtu yeyote wa mtaa huu yadi yetu iko wapi, atakuambia iko mkabala na gereji ya Chapuchapu. Yadi ya kaka yako, iliyokuwepo kabla barabara haijatiwa lami, leo inaelekezwa kwa jina la kitinda mimba wake!

Shangazi, wewe ni mtu wa nyumbani, sitakuzunguka. Namwonea mdogo wangu wivu. Tena si wivu wa kupita njia. Huu umehamia kwangu na godoro lake.

Unakumbuka Baba alivyotuachia yadi: sehemu yangu, sehemu yake, sehemu yako. Chapuchapu hakukaa. Alisema magari yanayosimama juani ni hela zinazooza, akavuka barabara, akaomba uwakala wake mwenyewe kwa kiwanda kilekile kinachotuletea magari. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Ukumbini kwake aliweka gari moja tu la kutazama, na huku kwangu yamejipanga mpaka getini, yote kwa mkopo wa benki. Baba si alisema mteja hanunui asichokiona?

Sasa hachekwi tena. Mteja wa Chapuchapu anatoa kianzio kwanza, ndipo gari linaagizwa, na likifika linakwenda moja kwa moja kwa mwenyewe. Halilali. Langu likilala, riba ya benki inakesha. Kisha yule mteja wake anarudi kwa sevisi, anarudi kwa vipuri, anarudi hata kujazwa upepo, na kila akirudi anaacha kitu. Mimi nikishauza gari ni kwaheri ya kuonana. Fundi wangu mkuu aliniambia zamani tufungue sehemu ya sevisi, nikamwambia sisi ni wauzaji, si wapaka grisi.

Ningeweza kuvumilia hesabu, Shangazi. Nisichoweza ni viti. Amenunua viti vya sponji kwa ajili ya wateja wanaosubiri, na maji baridi, na feni isiyopiga kelele, na wifi yangu ndiye anayekaribisha watu kwa sauti ile yake ya asali. Basi Mama sasa kila asubuhi anavuka barabara kwenda kukaa huko. Anasema mgongo wake unavipenda vile viti. Nami nikiinua macho dirishani namwona mama yangu mzazi akipamba biashara ya jirani.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikaamua kutembeza. Mwezi uliopita nilishusha bei za magari yote, nikashusha tena, nikatundika bango kubwa lililotazama gereji yake makusudi. Mhasibu wetu alishika kichwa. Akasema, "Mama, bei hii hairudishi hata tulichonunulia." Nikamjibu kwamba yeye ajumlishe, vita aniachie mimi.

Wateja wakaja kama maji ya bomba! Gari baada ya gari linatoka, nami nimesimama getini nimevaa vizuri, natazama ng'ambo kama anaona. Jambo moja tu lilinishangaza. Unajua desturi ya Baba: mnunuzi hapewi ufunguo mpaka azungushwe mtaa mara moja, sisi tukiendesha, yeye amekaa pembeni anapunga mkono. Hakuna aliyewahi kuukataa mzunguko ule, maana nusu ya raha ya gari jipya ni kuonwa. Hawa wote walikataa. Wana haraka, walisema. Nikajiambia ni watu wa kisasa.

Wiki iliyopita nikavuka kwenda kumchukua Mama. Pale uani kwa Chapuchapu nikaona pikapu nyeupe yenye mkwaruzo chini ya kioo cha pembeni. Mkwaruzo ule naujua, ni wa geti letu. Nikatazama ya pili, ya tatu, mstari mzima. Magari yangu, Shangazi! Yameoshwa, yamefungwa riboni, yanasubiri wateja wake waliokwisha kutoa vianzio. Wale wenye haraka walikuwa mafundi wake waliovua ovaroli na shemeji zake nisiowajua kwa sura; mtaa ungewatambua wakizungushwa.

Nilitaka kumpigia kelele, lakini Mama alikuwa amekaa pale na glasi yake ya maji. Chapuchapu hata hakuona haya. Alisema, "Dada, bei uliyoweka wewe hata kiwanda hakinipi. Ningeyaachaje?" Tena kwa upole, ndicho kilichoniua. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nililipia na koleo.

Wiki hiyohiyo akaja bwana mmoja kutoka kiwandani, wa tai na viatu visivyojua vumbi. Alisifu mauzo yetu, akafungua mahesabu, akayafunga. Mwisho akasema kwamba kuanzia mwaka ujao mji huu utakuwa na wakala mmoja tu. Hakutaja nani, ila alipotoka alivuka barabara kwenda kunywa maji baridi.

Uwakala ukienda ng'ambo, yadi ya Baba itabaki uwanja wa kuanika nguo. Fundi mkuu, mhasibu, wale akina mama wanaong'arisha magari, wote watarudi makwao, nami nitakuwa niliyefunga geti alilolifungua kaka yako.

Chapuchapu amekuja na neno. Anataka tuunganishe: yadi yangu na gereji yake, jina libaki la Baba, mimi nishike wateja na mauzo, yeye ashike mipango na fedha. Magari yapungue yabaki machache, mkopo tuulipe pamoja, faida itoke kwenye sevisi. Nimelipindua pendekezo hilo usiku na mchana nikilitafutia ubaya. Halina. Laiti lingekuwa na hata kaubaya kadogo!

Sahihi mbili kati ya zetu tatu zinatosha. Yake ipo. Yangu ikiongezwa, mambo yamekwisha leo hii, hata wewe usingesumbuliwa. Lakini nimekaa na ile karatasi mbele yangu na mkono umegoma. Nikimpa ndiyo kwa mkono wangu, atatabasamu, na tabasamu lile nitaliona mpaka naingia kaburini.

Kwa hiyo nakuomba, Shangazi wangu, tia sahihi wewe. Niamuliwe. Mimi nitalalamika hapa, nitanuna, nitasema mmenizidi wawili kwa mmoja, nawe usijali hata neno moja. Fanya upesi kabla yule bwana wa kiwandani hajarudi. Na Chapuchapu asijue kamwe kwamba nilikuomba.

Nisalimie mume wako. Nisalimie binamu yangu mwuguzi, na wale mapacha, wote wawili kwa uzito uleule, maana mimi najua inavyouma. Mume wangu anakupa shikamoo. Mama anakusalimu kutoka kwenye kiti chake cha sponji.

Mungu akuzidishie afya, akupe goti jepesi na usingizi mzito, na atukutanishe tukiwa bado tunaongea sote.

Wako akupendaye,
Binti mkubwa wa kaka yako.

Nimesahau: Mama ananiambia Chapuchapu naye amekuandikia. Kama barua yake ni ndefu kuliko hii, tafadhali usiniambie.