Safari Hii Usiteremke, Mama

Sheffield, Uingereza

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na assalaam aleikum. Vaa miwani kwanza, maana najua umeshafungua bahasha na karatasi umeishika mbali kama mtu anayesoma bango la barabarani. Goti linasemaje? Shabani aliniambia linakusumbua asubuhi, na kwamba ile dawa ya kuchua niliyotuma umempa jirani kwa sababu inanukia pipi. Mama! Ile ni yako. Mdalasini mmeshauanika, au mvua imewawahi? Na paa la jikoni, mjomba kalipigilia misumari au bado analiitishia kikao? Sisi huku hatujambo. Mkweo Musa hajambo, Rehema hajambo, na anasema yule jogoo wako aliyemkimbiza bado hajamsamehe. Mimi ni mzima. Narudia, kwa sababu ndilo lililonikalisha kuandika: mimi ni mzima, Mama.

Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu hatufiki popote. Jumapili ile uliniuliza neno moja tu, "Huo mpira wameutoa?" Nikasema bado. Ukampa mjomba simu. Mjomba akakohoa kile kikohozi chake cha kufungulia kikao, akasema, "Hadija mwanangu, mimi na mama yako tumekaa. Hicho kitu wakitoe, ndipo uje nyumbani. Hatuwezi kumpokea mtu aliyefungwa tumbo kama kiroba cha mkaa." Nikafungua mdomo kujibu, simu ikakatika. Huenda ni mtandao, huenda ni mjomba, sitaki kumdhania vibaya.

Kesho yake Shabani akanipigia kutoka kwake Mafiga, anacheka mpaka anapaliwa. "Dada, umesomewa dua huku. Watu wamekula ubwabwa na kuku kwa ajili yako. Mwalimu wa madrasa kamwomba Mungu akurudishie mwili wako wa zamani. Mimi nikaitikia amina, ila nimeitikia polepole."

Nikacheka naye. Tulipoagana nikakaa kitandani nikalia, maana nilikuona kabisa ukichagua mchele kwenye ungo, na goti lako hilo, unampikia mgonjwa ambaye hata hakualikwa kwenye shughuli yake mwenyewe.

Yote haya yametokana na ile picha ya mahafali ya Rehema. Najua mlichokiona. Mmeiona shingo yangu. Lakini shingo hiyo wewe ndiye uliyenizaa nayo, ilikuwa imejificha tu miaka yote hii. Na najua pia ni nani uliyemwona wewe ulipoishika ile picha. Ulimwona mama mdogo Zena. Alianza hivyo hivyo, shingo, kisha mabega, kisha gauni likawa linamtembelea mwilini. Wewe ndiye uliyemwogesha, wewe ndiye uliyemlisha uji kwa kijiko, na siku vijana walipombeba kwa machela kumteremsha hospitali, wewe ndiye uliyetembea nyuma na kanga zake. Hakupanda tena. Sikulaumu kwa kuogopa. Ningekuwa wewe ningechinja ng'ombe, si kuku.

Ila mimi siumwi ugonjwa ule wala mwingine. Nilikueleza kabla ya kufanyiwa upasuaji, ukaitikia "haya mwanangu", nikajua hujanielewa. Nikueleze tena. Huo mnaouita mpira ni kamkanda laini ambako daktari amekavisha sehemu ya juu ya tumbo langu la chakula. Chakula kidogo kikiingia, kinajaa pale juu, nami najisikia nimeshiba. Chini ya ngozi kuna kidude kidogo. Daktari huingiza maji kwa sindano mkanda ukabana, au huyatoa ukalegea. Hawakukata kitu wakatupa. Na mkanda haunipunguzi wenyewe, wenzangu wengi hudhani hivyo. Unanisaidia kushiba tu. Kazi nyingine yote ni yangu: kutafuna, kutembea, kukataa. Kukataa ndiko kugumu, nawe unajua binti yako hakuwahi kukataa sahani.

Nikwambie sasa kwa nini nilikubali. Unaikumbuka safari yangu ya mwisho? Gari lilituacha Mkuyuni, chini ya mlima. Tukaanza kupanda kuja kwako, mimi, Shabani na Rehema. Sikufika hata Daraja la Magogo. Pumzi iliniishia, magoti yakakataa, nikakaa chini njiani na gauni langu jipya. Akina mama waliokuwa wanashuka na ndizi wakanipita wakinipa pole, mizigo kichwani, wala hawahemi. Shabani akapiga simu juu. Baada ya muda nikaona vijana wanakuja mbio, wamebeba machela.

Sikuwahi kukusimulia nilivyojisikia. Ile ile machela, Mama. Vijana wenyewe walikuwa na adabu, mmoja akasema, "Dada, usione haya, tutakupandisha taratibu." Mimi nikawaambia warudi nayo. Nikarudi Mkuyuni nikakaa barazani kwa watu, na wewe ukateremka mlima mzima na sufuria ya magimbi kichwani, ukanifuata kama mtoto aliyegoma shule. Tukala pale kwa watu. Rehema akapanda na Shabani, akalala kwako, akarudi kunisimulia nyumba yetu ilivyo: dirisha jipya, mgomba uliokuwa kwenye mlango wa nyuma umekatwa. Mwanangu ananieleza mimi nyumba niliyozaliwa! Kaburi la baba sikuliona. Kizingiti chako sikukivuka. Unaona picha ya leo unasema Hadija anaumwa. Mimi nilikuwa mgonjwa siku ile, pale Mkuyuni, na nyote mlisema nimenawiri.

Sitakuficha kwamba ni vigumu. Mwanzoni nilikunywa supu na uji mwepesi tu, huku nikienda kazini kwenye jiko la shule, mahali ambapo viazi vya kukaanga vinatoka masinia kwa masinia. Nywele zilinipukutika. Ngozi ya mikono imelegea, nikipunga mkono inaendelea kupunga yenyewe. Na sikukuu ya Idi tulialikwa kwa mama mmoja wa Tanga anayeishi jirani, kaupika ugali mzuri, mweupe, na kisamvu cha nazi. Nikafinya tonge, nikachovya, nikameza. Nani aliwahi kutafuna ugali kwetu? Likanikwama hapa kifuani. Mate yakajaa, machozi yakanitoka, nikakimbilia uani nikasimama kwenye mapipa ya taka mpaka liliporudi. Niliporejea mezani yule mama alikuwa ameshaitoa sahani yangu. Akasema, "Kama chakula chetu hukipendi, si ungesema tu." Nilimweleza, lakini hakunichangamkia mpaka tunaaga. Siku hizi ugali nautafuna kama mtoto wa meno mapya, kidogo kidogo, na unashuka salama.

Kisha mizani ikagoma. Nakula kama kifaranga, natembea, mizani inaniangalia tu. Juma kwa juma, pale pale. Hapo ndipo nilipogundua kwamba askrimu haizuiliwi na mkanda wala nini, inateleza yenyewe. Nikawa na njia yangu ya panya. Musa akanikuta siku moja jikoni na kopo zima. Hakunisema. Akachukua kijiko chake, akavuta kiti, akala na mimi mpaka likaisha. Ndiyo maana nampenda, na ndiyo maana mashati yake hayafungiki.

Kilichonirudisha njiani si mizani, ni mlima. Mji huu umejaa vilima, na nyuma ya mtaa wetu kuna barabara inayopanda kweli kweli. Nikaipa majina. Duka la mkate ndilo Daraja la Magogo. Nyumba yenye uzio mweupe ni kwa Mzee Kibwana mwenye michungwa. Benchi la katikati ndilo lile jiwe ambapo akina mama hutua mizigo wakapumzika. Kanisa, Mungu anisamehe, ndio msikiti wetu mdogo. Na juu kabisa kuna mlango wa kijani wa watu nisiowajua. Huo ndio mlango wako.

Mwanzoni nilikomea darajani. Nikirudi Rehema ananiuliza, "Mama, leo umefika wapi?" Namwambia, "Darajani tu." Siku nyingine, "Leo nimefika kwa Mzee Kibwana." Naye anashangilia kana kwamba nimetoka Makka. Wakati mizani imegoma vile, tulipanda pamoja tukiongea habari za jogoo wako, nikashtukia tupo msikitini. Nikageuka nyuma nikaliona benchi kule chini. Nilikuwa nimelipita jiwe bila kukaa, Mama, nikiwa naongea! Nilifurahi nikamkumbatia mtoto katikati ya barabara. Siku hiyo mizani sikuigusa. Baadaye nayo ikaanza kushuka, lakini nilikuwa sijali sana tena.

Basi, baada ya simu ya mjomba na dua yenu, nilichoka. Nilijiambia, kama mama hanitaki hivi, napungua kwa ajili ya nani? Nikaipigia kliniki niulize habari za kuutoa mkanda. Wakaniwekea muziki nisubiri. Nikasubiri, nikasubiri, nikaikata simu, nikavaa koti nikatoka. Nikapanda bila kusimama, hasira ndiyo iliyonisukuma. Nikafika kwenye mlango wa kijani, nikasimama pale nahema. Sijui nilisimama muda gani, mara mlango ukafunguka, akatoka bibi mzee na sweta lake, akaniuliza namtafuta nani.

Nikamwambia namtafuta mama yangu.

Akaniangalia kwa huruma, akasema hapa hayupo. Nikamwomba radhi, nikateremka. Nikiwa njiani nikajua nimeshaamua.

Sitautoa, Mama. Nisamehe, sijawahi kukukatalia neno kubwa hivi, na mjomba mwambie kwa upole, ukimpa chai kwanza. Madaktari wananiangalia, siku yoyote wakiona unanidhuru watautoa wao. Lakini sitautoa kwa kuwa watu wameiona shingo yangu. Na nyumbani nakuja. Ruhusa ya kazi nimeshapewa, tutakuja shule zikifungwa.

Nina ombi, na najua ninakuomba kitu kigumu kuliko kuteremka mlima. Nikifika, watu watajaa uani kuniangalia. Utapika, najua, na sitakuzuia. Nipakulie kwenye kile kibakuli cha bati cha bluu nilichonywea uji nikiwa mdogo, kama bado kipo. Nitakula nitakachoweza, kisha nitanawa. Watu watakutazama wewe, si mimi. Watangoja useme, "Mwanangu hali, mwanangu anaumwa." Mimi naomba useme, "Mwanangu ameshiba." Basi. Ukisema wewe, mlima wote utanyamaza. Wakisema wengine mimi naweza kuvumilia, ila wewe ukinitazama kama ulivyomtazama mama mdogo Zena, hapo sitaweza.

Mpe shikamoo yangu mjomba Salumu, mwambie sijamkosea heshima na koti lake la kikao namletea, la sufu. Mwalimu wa madrasa mpe salamu na shukrani, dua yake naipokea, ila safari nyingine aniombee magoti. Jirani aliyepewa dawa yangu ya kuchua, mwambie airudishe, au akuchue yeye kila asubuhi. Shabani na mkewe nawasalimu, nilimwambia asikusomee barua hii kwa simu, aje nayo mwenyewe. Musa anakushika mkono. Rehema anasema umfungie jogoo.

Na wale vijana, Mama. Wakisikia tumefika Mkuyuni watataka kuja mbio. Waambie machela waiache ilipo. Wewe nawe usiteremke. Goti lipumzishe, kaa ndani kwako, usichungulie njiani hata ukisikia watoto wanapiga kelele kwamba wageni wanakuja. Nitachelewa kidogo, huenda nikatua mzigo kwenye jiwe. Lakini safari hii nataka nifike nikute mlango umefungwa, nipige hodi mwenyewe, na nisikie ukiitikia ndani.

Ni mimi mwanao, mzima wa afya,

Hadija