Prosesa Imefika, Mjomba Hajafika

Nyumbani,
chumba cha nyuma ya duka la vioo,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Kifua kimepoa na baridi ya huko? Wifi je, na ule mzigo wake wa tumboni? Sisi hatujambo. Mama goti linamsumbua, ila ulimi wake mzima kabisa. Mimi pia mzima, isipokuwa nimekasirika, na niliyemkasirikia ni wewe. Naandika kwa karatasi kwa sababu kwenye simu ukicheka tu hasira yangu huyeyuka. Leo sitaki iyeyuke.

Jirani yako aliyekuja likizo ameuleta mzigo. Ile prosesa, uliyosema ndiyo ubongo mpya wa kompyuta uliyotuachia, ili mpwa wako Dereva aache kuganda barabarani kila mnaposhindana magari kwenye ule mchezo wenu wa mtandaoni. Mtoto alipoiona aliruka mpaka akakata kandambili. Nikaikumbatia mashine kama mgonjwa, yeye akashika kiboksi kwa mikono miwili, tukaenda kwa fundi.

Fundi aliigeuza mara moja akacheka. "Dada, mguu huu na kiatu hiki havijuani. Haiingii." Kaka, nilikupigia picha za ndani ya mashine! Nilisugua vumbi kwa mswaki ili usome maandishi. Ulizitazama kweli, au ulijibu tu "sawa" ukaendelea na mambo yako?

Nikamuuliza, je, tukipata inayoingia, mchezo utakwenda vizuri? Akasema tupime kwanza. Nishushe ukali wa picha hadi chini kabisa. Gari likikimbia, prosesa haina kosa, kinacholemewa ni kadi ya picha, kile kipande kinachochora mchezo kwenye kioo. Likitambaa vilevile, hapo ndipo tuilaumu prosesa.

Nikashusha mwenyewe. Miti ikawa mabonge, watu wakakosa nyuso, lakini gari la mwanangu lilikimbia kama limeiba! Basi hakuna cha prosesa. Fundi akasema kuibadilisha ni kumnunulia mpishi kisu kipya wakati jiko ndilo halina moto.

Tukarudi tunacheka njia nzima. Dereva akakurekodia sauti yake: "Mjomba, njoo, sigandi tena!" Na wewe ukamjibu nini? Eti asubiri utafute kadi ya picha, mjomba hataki mpwa wake ashindane kwenye picha ya matope.

Matope, Kaka? Nani alikuambia mtoto anataka picha? Uliondoka akiwa ananyonya. Sura yako kwake ni lile gari lako la bluu mchezoni. Anajua unavyokata kona vibaya. Anajua unavyompisha mwishoni ukidhani haoni. Sasa hata hilo unamnyima kwa sababu miti haina majani!

Usitume kadi. Usitume kitu chochote. Sikatai wema wako, najua unavyohangaika huko. Lakini kila ukituma kitu naona unapata sababu nyingine ya kutofika wewe. Haya, nimeyasema, na sifuti.

Jana saa yenu ilipofika alifungua mchezo peke yake. Magari yote yakaondoka, lake jekundu likabaki kwenye mstari. Mama akapiga kelele, "Kanyaga, mjukuu wangu, wanakuacha!" Akajibiwa, "Bibi, tulia. Mjomba yuko njiani." Nikatoka nje nikajifanya naanua nguo, na kambani hapakuwa na kitu.

Prosesa yako nimempa huyohuyo jirani akurudishie pamoja na barua hii. Labda huko itapata kiatu chake.

Mama anakusalimu, anasema uvae soksi. Shemeji yako anakusalimu, anasema yeye hayumo kwenye ugomvi huu. Muoga! Nisalimie sana wifi, mwambie namwombea ajifungue salama, na kwamba akikuona umekaa bure Jumamosi akufinye.

Mungu akulinde utokapo na uingiapo, akuzidishie riziki, na kwenye riziki hiyo atie na muda kidogo. Mimi bado nakutumaini, ndiyo maana nimekugombeza. Usiyemtumaini humwandikii.

Jumamosi gari jekundu litakuwa palepale, kwenye mstari. Njoo hivyohivyo, na matope.

Wako akupendaye hata akinuna,
dada yako,
Mama Dereva.