Shuka za Maitu Zimefungiwa kwa Mashini

Jumamosi, mwezi wa saba. Baridi ya kuuma masikio. Hapa Mweiga jua imekataa kutoka wiki mzima. Leo hakuna lori ya waru, viazi, ya kupakia, kwa hivyo niko nyumbani.

Heri ningekuwa kazini.

Mashini ya kufua imekwama asubuhi, na mama mkwe wangu amefunga begi. Hizo vitu mbili ni kitu moja. Wacha nieleze.

Mama mkwe wangu tunaishi na yeye. Mimi namuita Maitu, mama. Alikuja kusaidia wakati bibi yangu, msichana yake, alikuwa mgonjwa. Bibi akafariki, yeye akabaki. Msichana yetu Wanjiru alirudi college, tukabaki wawili. Mama mzee na mwanaume.

Sasa Maitu ameanza kulowesha kitanda usiku. Hajawahi kuniambia. Na mimi sijawahi kumuuliza. Kwetu mwanaume na mama mkwe wake wanaheshimiana kutoka mbali. Huwezi ingia kwa chumba yake ovyo. Huwezi shika nguo yake ya ndani. Hata jina yake huwezi kutaja.

Ndio maana tulileta mashini. Ni ya mtumba, tulitoa Nyeri. Wanjiru alipokuja likizo alipaka rangi nyekundu ya kucha kwa batani ile ya kufinya. Kila asubuhi Maitu anabeba shuka zake mwenyewe, anatia, anafinya hapo kwa nyekundu. Mimi natoka naenda kwa ng'ombe. Nikirudi shuka ziko kwa kamba nyuma ya nyumba, mahali mimi sipiti.

Hatukuwahi kupanga hivyo kwa mdomo. Ilijipanga tu.

Leo nikiwa kwa ng'ombe nikasikia pip pip pip. Haikunyamaza. Nikaingia. Kwa kioo kidogo imeandika E na namba. Mlango imejifunga, maji iko ndani, na shuka zinaonekana kwa glasi kama samaki. Na petikoti yake ya pinki.

Maitu alikuwa amesimama mbele ya hiyo glasi amenyoosha mikono. Mtu wa miaka yake anakinga mashini kama golikipa.

"Usikuje hapa, Baba Wanjiru."

Nikasimama kwa mlango. Nikamwambia naweza ita mama ya jirani. Akasema huyo mama akiona, kabla ya kesho kanisa yote itajua. Nikasema niite fundi. Akasema fundi ni nani yake.

Akatoa leso kwa mabega akafunika glasi nayo. Halafu akaenda chumbani. Nikasikia zipu.

Alipotoka alikuwa na begi. Akaiweka kwa mlango. Ati amepigia Muriuki, kijana yake wa Kagio, amchukue kesho baada ya kanisa.

Muriuki namjua. Si mtu mbaya, lakini bibi yake hamtaki Maitu kwa nyumba. Mara ya mwisho alienda huko alirudi kama amekaushwa. Alikuwa analala kwa stoo ya mchele. Na wakati ule alikuwa bado haloweshi kitanda.

Nitasema ukweli kwa sababu hii ukurasa ni yangu. Kidogo nilifikiria, wacha aende. Nipumzike. Niwe naamka bila kuangalia mahali sitakiwi kuangalia.

Halafu nikaangalia hiyo leso kwa mashini. Ni ya bibi yangu.

Nikaanza kazi.

Nilizima nikawasha. Pip pip pip. Nikaangalia paipu ya nyuma kama imejikunja. Haijajikunja. Nikaitoa nikapuliza na mdomo, sikupata kitu. Nikafungua simu nikatafuta video. Kuna mtu mmoja anaongea kizungu mbio sana, sikumsikia, lakini mikono yake nilielewa. Chini ya mashini kuna kamlango. Ndani kuna kifuniko cha kuzungusha, hiyo ndio inachuja uchafu kabla ya pampu. Ikiziba, maji haimwagiki, na mlango haifunguki.

Nikachomoa waya kwa stima kwanza. Nikaweka beseni. Haiingii, mashini iko chini sana. Nikachukua trei ya chai. Nikazungusha.

Maji ikatoka yote mara moja. Trei ikajaa, ikaenda kwa simiti, ikaingia kwa gumboots zangu. Na harufu.

Nilitaka kuziba pua. Sikuziba. Maitu alikuwa ananiangalia.

Ndani ya hiyo kifuniko nikatoa kitambaa kidogo kimefungwa fundo. Nikafungua nikifikiri ni shilingi. Ndani matope nyeusi. Nikanusa.

Mbaki. Tumbako ya kunusa! Maitu, wa kitambaa cheupe kwa kichwa kila Jumapili, anayenikemea nikipita karibu na baa.

Nikacheka. Sikupanga.

"Unacheka nini?"

"Hakuna, Maitu."

"Hiyo ni dawa ya mafua."

"Mafua ya lini?"

"Ya kuishi na wewe kwa hii baridi."

Mashini ikafanya tak. Mlango imejifungua.

Nilimwambia arudishe mlango, mimi nirudishe kifuniko niwashe, imalizie kazi. Akasema hiyo mashini haitamshika tena. Akanisukuma na kiwiko akavuta shuka mwenyewe. Imejaa maji, ni nzito kama gunia. Akavuta, miguu ikateleza kwa hayo maji.

Nikashika. Si yeye. Shuka. Nilishika upande ingine ya shuka, yeye akajishikilia na yake, hakuanguka.

Tukabaki hivyo. Yeye huko, mimi huku, shuka katikati inadondosha maji.

Shuka kama hiyo mtu moja hawezi kukamua. Tukatoka nayo nyuma ya nyumba, pale mahali sipiti. Yeye akaangalia ua. Mimi nikaangalia ng'ombe. Tukaanza kusokota. Shuka ikazunguka tu, maji haitoki.

"Sokota kulia yako," akasema. "Mama Wanjiru alikuwa anasokota kulia."

Tangu tumzike hajawahi kumtaja mbele yangu. Hata mara moja.

Nikasokota kulia. Maji ikatoka.

Tulikamua shuka mbili na blanketi. Petikoti aliichukua mwenyewe akaificha kwa kwapa, akaniambia niangalie mlima. Mlima haikuwa inaonekana, ni mawingu tupu. Nikaiangalia.

Baadaye nilikausha simiti, nikarudisha kifuniko, nikawasha mashini bila kitu ndani. Ikajaza maji, ikazunguka, ikamwaga. Haikuandika E. Nikamwambia, "Maitu, imepona." Alikuwa anachagua maharagwe.

Mimi siwezi kumbembeleza. Sijui hayo maneno, na mbele ya mama mkwe ndio kabisa. Bibi yangu ndiye alikuwa na mdomo ya hii nyumba.

Nikaenda dukani. Nikanunua mbaki mpya. Nikaweka juu ya mashini, karibu na batani nyekundu. Nikaenda kukamua ng'ombe.

Nimerudi. Mbaki haiko. Leso imekunjwa imewekwa hapo mahali yake.

Begi bado iko kwa mlango.

Sasa hiyo nisome aje? Amechukua mbaki ya safari ama ya kukaa?

Sitamuuliza. Asubuhi nitatoka kwa ng'ombe kama kawaida, na nitasikiza. Nikisikia mashini imeanza kunguruma, nitajua anakaa, nitampigia Muriuki nimwambie asikuje.

Isiponguruma, sijui.