Klarineti ya Plastiki Aliyoiacha Wanjohi

Alhamisi, Agosti 1995

Mvua imeanza saa nane mchana, ile yetu ya kila siku, na bado inapiga mabati. Moyo wangu ni mzito. Kesho tunamzika Wanjohi.

Tulikaa viti vya jirani kwenye bendi ya serikali mpaka mvi zikatupata pale pale. Mimi klarineti ya kwanza, ya sauti za juu, yeye ya pili, ya chini. Tulipostaafu alifungua duka Kapsoit, nami nikarudi hapa Merigi kwa majani chai na ng'ombe. Tuliahidiana kwamba atakayebaki atampigia mwenzake kaburini. Nilidhani atabaki yeye. Alikuwa haugui hata mafua.

Na klarineti yangu ya mbao imepasuka.

Mke wangu, Chebet, aliiweka darini jikoni, juu ya moto, mahali tunapohifadhi mbegu za mahindi. Aliogopa unyevu wa msimu huu na wadudu wanaotoboa mbao. Mbegu hukaa pale mwaka mzima na moshi huzilinda. Mbao ya klarineti ilikauka ikapasuka kutoka juu mpaka tundu la tatu. Nilipoishusha wiki hii, Chebet aliupapasa ufa kwa kidole. "Baba Cherono, mimi nilitaka tu ikae salama," akasema. Sikumgombeza. Nilinyamaza, na nadhani kunyamaza kwangu kumemuumiza zaidi. Tangu siku hiyo tunapishana humu ndani kama wageni.

Jana kwenye matanga, Mama Wairimu, mjane wa Wanjohi, alinipa mfuko mweusi. Ndani kulikuwa na klarineti mpya ya plastiki, ya bei nafuu. Wanjohi aliinunua Nairobi akitaka kuwafundisha vijana wa kanisa.

"Alisema wewe ndio utajua kama ni mzuri," akaniambia. "Alikuwa anakungoja uje uipime."

Basi leo nimeipima, bila kuionea huruma kwa sababu ya msiba. Wanjohi angenicheka.

Inang'aa kupita kiasi, kama kiatu cha bwana harusi. Vitufe ni vyepesi, na kimoja kinachelewa kurudi kikibonyezwa. Maungio yalikuwa yanabana mpaka nikayapaka mafuta ya ng'ombe. Ule ulimi wa mwanzi wa kupulizia uliokuja nayo ni mgumu, nikautoa na kuweka wangu. Noti za katikati zinatoka kama mtu anayeongea ndani ya gunia. Za juu, mahali nilipoishi maisha yangu yote ya bendi, zinapiga kelele na kutoka nje ya sauti. Nilianza wimbo wa maziko nikaachia njiani. Nikaona aibu, peke yangu, mlangoni kwangu.

Siwezi kumzika rafiki yangu kwa sauti ile.

Nikakaa. Kisha, kwa kuwa mikono haikutaka kuiweka chini, nikashuka hadi noti za chini. Huko ni chombo kingine kabisa. Sauti ni pana, ina joto, haitetemeki. Sikuamini ni plastiki ile ile. Nikakumbuka kwamba huko chini ndiko alikokuwa Wanjohi siku zote.

Nikajaribu kupiga sehemu yake ya ule wimbo. Siijui. Miaka yote ile alikuwa kando ya sikio langu la kushoto, akinishikilia kutoka chini, nami nilikuwa najisikiliza mwenyewe.

Nimekosea, nimerudia, nimekosea tena. Bila ile sauti ya juu nilikuwa napapasa gizani. Ndipo Chebet, aliyekuwa jikoni akisugua kibuyu cha maziwa, akaanza kuuimba wimbo wenyewe, polepole, bila kunitazama. Nikamfuata chini yake. Tulipofika mwisho akaanza upya kabla sijamwomba.

Machozi yalinitoka, na sikuyaficha.

Mama Wairimu akiniuliza kesho, nitamwambia chombo ni kizuri, vijana wapewe, wasikilazimishe tu kupanda juu kabla hawajaiva. Sauti ya kwanza wataimba waombolezaji, na Chebet atasimama karibu nami. Mimi nitapiga ya pili.

Ilikuwa ngumu hivi, Wanjohi, na hukuwahi kuniambia?