Neno Nililolipata Kwenye Lifti

Mpwa wangu mpendwa,

Bila mjomba wako, jengo hili la ghorofa kumi na mbili lingekuwa ghala la popo. Hata mkurugenzi hapandi mpaka mimi nibonyeze kitufe.

Barua yako nimeipata. Eti siku ya harusi nikae kwenye kiti cha marehemu baba yako, nile, ninyamaze, kwa sababu kwenye kikao cha posa wakwe zako walinicheka nilivyosema "akchuali" kila nilipofungua mdomo. Sinyamazi ng'o!

Neno lile nimelisomea ndani ya lifti, miaka na miaka. Bosi mmoja anaeleza jambo kwa mbwembwe, mwenzake anasema "akchuali", na yule wa kwanza anaanza kutazama viatu vyake. Maana yake: wewe unadhani hivyo, kumbe ukweli ni huu hapa. Sasa baba mkwe wako alipotangaza kwamba ukishaolewa utaacha uuguzi, ulitaka nimjibu kwa neno gani? Wewe uliinamisha kichwa. Shangazi zako waliendelea kutafuna. Mimi nikasimama: "Akchuali, mzee, binti yetu haachi kazi." Kicheko kilikatika, au naongopa?

Nitasema tena, na safari hii kwa kipaza sauti.

Ila nikwambie wewe tu. Akchuali, siku ile nilikuwa na hofu kama mtu aliyekwama kwenye lifti, na neno lile lilinipa nafasi ya kumeza mate. Kwa hiyo nikisimama, usiinamishe kichwa tena. Nitazame.

Ni mimi mjomba wako,
wa lifti.