Mama Hajatoka

Studio ya Picha,
Juu ya duka la miwani,
Ghorofa ya pili.
Jumapili, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa kitinda mimba wetu,

Salamu nyingi, na pole kwa baridi ya huko. Kile kifua kimepona? Bado unalala na soksi kama mtoto mchanga, au umekua? Sisi ni wazima. Watoto hawajambo, na shemeji yako ni mzima, mdomo wake pia. Habari za Mama zinakuja, usiruke mistari.

Kadi ya kamera uliyotuma nimeipata. Umeniuliza kama uninunulie nyingine za kasi kama hiyo kabla hazijaisha dukani. Nikujibu kwanza kama mtu wa kazi.

Kazi yangu kubwa ni picha za pasipoti. Mteja anakaa, namnyoosha kidevu, napiga, basi. Kwa picha moja moja, kadi ya zamani na hii mpya ni mamoja. Sura ya mtu haiongezeki uzuri kwa sababu ya kadi. Tofauti utaiona ukibana kitufe bila kuachia. Kwa ile ya zamani kamera inapiga chache, inakwama, taa nyekundu inawaka, nawe unangoja kama uko kwenye foleni ya benki. Kwa hii mpya inaendelea tu mpaka kidole kichoke. Anayepiga mechi za mpira itamfaa.

Sasa nakujibu kama dada yako. Siku tulipopiga picha ya familia ya kukutumia, nilibana kitufe kwa sababu watoto wa dada yetu wa kati hawajui kutulia. Mama alikaa kwenye kiti katikati, shali mapajani, wajukuu wamemwegemea huku na huku. Mama hakunyanyuka hata kidogo, nilikuwa namtazama.

Kesho yake dada yetu alikuwa kwenye kompyuta anachagua. Akaniita, "Dada, kwenye hii Mama hajatoka." Mimi nilikuwa nakata picha za mteja, nikasikia nusu. Nikamjibu, "Atoke aende wapi na jua hili? Si yuko chumbani amelala." Akasema, "Namaanisha hajatoka kwenye picha."

Nikaenda kutazama. Kwenye picha ya kwanza Mama yupo. Inayofuata, kiti ni kitupu. Inayofuata tena, yupo na anatabasamu. Kwenye ile ya kiti kitupu watoto bado wameegemea, mashavu yao yamelala juu ya hewa, na shali imebaki na umbo la magoti. Nikasema kadi ni mbovu. Fundi wa kompyuta hapo chini akaikagua, akasema haina kasoro, halafu akaniomba nizifute hizo picha kwenye mashine yake mbele ya macho yake.

Unajua nilivyo mbishi. Nikampiga Mama picha peke yake karibu na dirisha, mchana kweupe. Kiti kikawa kitupu mara nyingi kuliko mwanzo. Juzi nikarudia, na safari hii ilibidi nimtafute Mama katikati ya picha za kiti. Nikirudisha kadi ya zamani nikapiga moja, yupo, amekaa wima, ananiuliza tutamaliza lini. Naogopa, mdogo wangu. Sioni aibu kukuambia.

Nilitaka kumficha, lakini Mama hafichwi kitu. Alinyoosha mkono akaichukua kamera, akazitazama zile picha moja baada ya nyingine. Hakushtuka.

"Kumbe inaonekana," akasema. "Mimi nilidhani nawahi kurudi."

Nikamuuliza huwa anakwenda wapi. Akasema, "Natoka kidogo tu. Si mbali." Kisha akaomba chai, akalalamika kwamba nimebania sukari, kama kawaida yake.

Kwa hiyo usininunulie nyingine. Haraka haraka haina baraka. Wahenga hawakuwa na kamera lakini hili walilijua. Hiyo uliyotuma nimeifunga kwenye kitambaa na sitaki kuiona. Pesa uliyotenga itie kwenye nauli. Ulisema utakuja kazi ikipungua. Kazi haipungui, kitinda mimba, tunaopungua ni sisi.

Msalimie wifi yangu na umbusu mtoto kwa niaba yetu. Dada yetu wa kati anakusalimu, shemeji yako naye anakusalimu na kuuliza kama viatu vyake umevisahau. Mungu akulinde njiani na akufungulie kila mlango utakaobisha.

Mama nilimuuliza nikuandikie nini. Akasema, "Mwambie nikitoka huwa nasimama mlangoni tu. Wananikaribisha, siingii. Kuna mmoja sijamuaga."

Nimelifikiria hilo tangu jana. Ukija atakuaga, na najua maana yake. Nilikaribia kukuandikia usije. Lakini miguu ya Mama unaijua, hawezi kusimama muda mrefu.

Ni mimi dada yako mkubwa, nikupendaye hata ninapokugombeza.